Kibo Ndani ya Sinia

Jumatatu, 9 Juni 1975

Nimepata! Jibu lilikuwa limetundikwa ukutani kwangu tangu Januari, na mimi nimelipa kisogo nikinyoa watu.

Ni ile kalenda ya Kijapani. Aliniletea mteja wangu wa bandarini, naye kaipata melini. Maandishi yake sijui hata yanaanzia upande gani. Lakini picha! Ukurasa wa Juni una sinia, na ndani ya sinia kuna mlima wa jiwe, na miti mizee iliyopinda migongo, na kijani chini yake kama zulia. Mti mzima haufiki urefu wa glasi ya chai. Nchi nzima imekaa juu ya meza!

Mpango: nitamtengenezea Mzee Tarsis Mlima Kilimanjaro. Kibo yenyewe, na Kibosho chini yake, na mto. Mzee ana duka la jumla mtaa wa pili, na ni miaka sasa hajaenda kwao. Kila likija lori la kutoka Moshi anamuuliza dereva kama mlima ulionekana asubuhi. Mtu wa namna hiyo ukimpelekea mlima wake mlangoni, atakunyima nini?

Anachoninyima hadi sasa ni Severa, binti wa marehemu mdogo wake. Severa ananitaka. Mimi namtaka. Mzee hanitaki. Na chanzo ni mzaha! Baada ya Pasaka, kwenye mkutano wa nyumba kumi, watu walikuwa wanalia sabuni imeadimika. Nikasema anayetafuta sabuni akachungulie chini ya kitanda cha Mzee Tarsis. Watu wakacheka. Mimi ni mtu wa Masasi. Kwetu utani ni haki ya mtu, tunataniana hata matangani na mfiwa anacheka. Nani alijua kwamba Fikirini, balozi wetu wa nyumba kumi, angekwenda kuchungulia kweli? Sabuni hakuikuta. Alikuta viatu vilivyotoboka na kopo la haja ndogo, akarudi kuvitangaza vyote viwili kikaoni.

Mzee akaapa mbele ya watu: siku nitakayomwomba radhi ndiyo siku atakayonisikiliza habari za Severa. Kabla ya hapo nisikanyage kwake. Radhi ya nini? Mzaha hauombewi radhi. Severa kanisihi wiki kwa wiki, nimekataa. Sitaomba. Nitapeleka mlima.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya miti. Inatakiwa miti midogo yenye sura ya uzee, na Kariakoo hakuna msitu. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilitazama juu. Majumba ya zamani kule Mnazi Mmoja yana nyufa, ndege wamedondosha mbegu humo, na mikuyu imeota ukutani ikateseka kwa jua na njaa hadi ikawa na vigimbi. Mizee kabisa, na bado inaenea mkononi!

Nikaazima ngazi. Nilikuwa nimening'inia kwenye mfereji wa bati, kisu mdomoni, mgambo akatokea chini. Akaniuliza nafanya nini juu ya nyumba ya watu. Nikamwambia nakusanya miti. Akasema amewahi kusikia visingizio vingi vya wezi lakini hicho ni kipya, na akaniomba nikirudie polepole ili akawasimulie wenzake. Nimeachiwa baada ya kukubali kumnyoa, yeye na kaka yake mwenye kichwa kigumu kama nazi. Hakuna hasara. Miti ninayo!

Jioni nimeipunguza kwa mkasi wangu wa kazi. Siri imefichuka: mti ni kichwa. Unapunguza pembeni, unaacha juu, unasimama mbali, unatazama. Nina miaka mingi ya ufundi huu na sikujua kwamba mimi ni Mjapani. Mmoja tu umenitoka afro. Nitauficha nyuma ya mlima, serikali isiuone.

Alhamisi, 12 Juni

Jiwe la mlima nimelipata ufukweni Kivukoni, la matumbawe, limechongoka vizuri. Sinia ni la mke wa Balozi Fikirini, ambaye ndiye mwenye nyumba wangu. Ni sinia lake la pilau, kubwa, la shaba. Nimeliazima kwa siku moja. Saruji nimepewa na mwashi mmoja wa soko jipya, zile koleo mbili za mwisho zinazobaki kwenye karai. Nimesimamisha mlima, nimemimina saruji, nimeondoka kwenda kula.

Nimerudi. Umeshika. Haung'oki! Nimevuta, nimepiga teke, nimeumia kidole. Sinia na Kilimanjaro sasa ni kitu kimoja na Mungu ndiye aliyeviunganisha.

Balozi alikuja uani, akasimama, mikono nyuma. Akauliza hiki nini. Nikamjibu kwamba chama kimesema kilimo cha kufa na kupona, kila mtu alime alipo, na mimi nilipo ni hapa. Akauliza tutavuna nini humo. Nikasema heshima ya taifa. Akafikiri sana. Akasema heshima haisongwi ugali, lakini aliondoka, na mtu akiondoka umemshinda. Mkewe ameulizia sinia. Nimemwambia liko kwenye ujenzi wa taifa.

Habari mbaya kaileta Severa. Jumamosi ya tarehe ishirini na moja wazee wa Polycarp wanakuja kwa Mzee Tarsis na mtungi wa mbege, pombe yao ya ndizi, kumposa! Polycarp huyu ni mtu wa Kibosho pia, afisa ugavi wa shirika moja la umma, anavaa soksi nyeupe na suti ya Kaunda. Kila akienda kwa Mzee anapeleka sukari. Siku hizi, mtu na sukari! Leo amepita kinyozini kwangu, akachungulia kazi yangu, akaniuliza hicho kichuguu nakifugia nini.

Kichuguu! Nimemnyoa vibaya makusudi. Upande wa kushoto uko juu kidogo. Ataona mwenyewe kwenye picha.

Jumapili, 15 Juni

Ushindi! Sijawahi kuona kitu kizuri kama hiki na nimekitengeneza mimi.

Kijani cha chini ni ukoga niliobandua kwenye ukuta wa bafu letu, umelala kama majani ya masika. Mto ni kipande cha kioo kilichovunjika. Mikuyu inapanda mlima kwa mpangilio, mikubwa chini, midogo juu, hadi macho yanadanganyika kwamba ni mbali. Kisha theluji. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Pamba haifai, inafanana na jino lililong'olewa. Povu la kunyolea linayeyuka. Nimeweka chumvi! Nyeupe, inameremeta, ina punje kama barafu yenyewe.

Baada ya misa watu wamejaa uani. Mke wa Balozi mwenyewe kasema mashallah kabla hajatambua sinia lake. Kisha kasema mengine. Sikuyasikia yote kwa sababu watu walikuwa wanapiga makofi.

Jumanne, 17 Juni

Nimekufa.

Jana kutwa niliumwagilia maji mlima wangu, kwa upendo, mara nyingi. Mwenye mlima lazima anyeshe mvua. Leo asubuhi theluji yote imeshuka bondeni. Ukoga umekuwa rangi ya chai. Mikuyu imekunja majani, na moja moja yanaanguka hata bila upepo. Kuku wa Balozi kapanda Kibo akawa anadonoa chumvi kileleni.

Siku nne kabla ya mbege! Nimefunga duka. Nimelala kifudifudi. Severa kaja, kautazama mlima, kanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta. Nikamwambia hili si jambo la kuchekwa. Akaniuliza, kwani mtu wa Masasi hachekwi? Huo ulikuwa uonevu, kwa sababu nilikuwa na huzuni.

Kisha akaacha kucheka. Akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hamtaki Polycarp na sukari yake, na kwamba Jumamosi akiulizwa mbele ya wazee, ikiwa mimi sijamalizana na baba yake mkubwa, hatakuwa na pa kusimama. Akaniomba tena nikaseme neno moja tu. Samahani. Basi. Nikamwambia ningeliweza ningelisema, lakini babu yangu angegeuka kaburini. Akanitazama sana. Akasema haya, niendelee na mlima.

Alhamisi, 19 Juni

Mlima umefufuka! Theluji mpya ni chokaa. Ukoga mpya umetoka bafu la jirani, ambaye hajui. Na mti mmoja wa mkuyu ulipona: ule wa afro! Chumvi haikufika nyuma ya mlima. Uliotengwa ndio uliosalimika. Nimeuleta mbele, umetanda juu ya Kibosho kama umeota hapo tangu enzi za Wajerumani.

Severa naye kasaidia kidogo. Kaja na kopo lenye vichipukizi vya mmea mmoja, majani marefu membamba yametoka shinani kama manyoya ya jogoo. Kavitoa kwa mama mmoja wa kwao anayeishi Ilala, anayevipanda nyuma ya nyumba. Anaviita isale. Anasema kwao kila kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, limezungushiwa ua wa hivyo, na bila hivyo hakuna mtu wa Kibosho atakayeamini kwamba ule ni mlima wao. Nimekubali. Msanii husikiliza wenyeji.

Lakini kuna kimoja kakifunga jani fundo. Fundo! Kasema hicho kikae mbele kabisa, kimwelekee mtu nitakayempa. Nikamwambia fundo linaharibu mstari wa picha, nikachukua mkasi nilikate. Kanipiga vidole kwa kitana. Nikamuuliza fundo la nini. Akasema mimi nishughulike na milima. Basi nimeliacha, kwa ukarimu tu, labda ni pambo.

Ila mbele siliweki. Kule chini halionekani. Alipoondoka nimelihamishia juu kabisa, kileleni, katikati ya theluji. Kwenye kalenda ya Wajapani daima kuna mti mmoja wa ajabu juu ya jabali. Limependeza! Mtu akiwa mlangoni tu, kitu cha kwanza anachokiona ni jani langu lenye fundo juu ya Kibo.

Jumamosi, 21 Juni

Mwandiko umepinda. Ni furaha, na mbege kidogo. Niandike kwa utaratibu.

Mlima umesafiri kwa mkokoteni, umefunikwa shuka langu jeupe la kunyolea. Kosa. Mtaa wa Msimbazi watu walivua kofia wakidhani ni maiti ya mtoto. Mama mmoja alinifuata akilia hadi njia panda, na nilipomwambia ni Kilimanjaro akanitukana. Gurudumu likaingia shimoni, nikapoteza mto. Nikasonga mbele. Kibo haihitaji mto.

Nyumbani kwa Mzee Tarsis walikuwa wameshaketi. Wazee wa Polycarp kwenye viti, mtungi wa mbege katikati, Polycarp na soksi zake, nywele zimepanda upande mmoja. Severa kwenye mlango wa ndani, ameinamisha macho. Mzee Tarsis aliponiona akasimama. Akasema alishanikataza kukanyaga pale, niondoke kabla hajasahau kwamba ana wageni. Kweli nilitaka kugeuza mkokoteni. Lakini nikamwangalia Severa, na nilimwona anashikilia kanga yake kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kupigwa.

Nikavuta shuka.

Walitazama kileleni, wote. Sanaa imewashika! Mzee Tarsis kinywa wazi. Mama mmoja akajifunika uso. Kisha mzee mkubwa wa ujumbe, mjomba wa Polycarp, mwenye kofia ya pama, akainuka polepole, akaivua kofia. Akasema kwa Kiswahili, nadhani kwa heshima yangu, kwamba amezeeka na ameona mengi, lakini hajapata kuona jambo kubwa namna ile. Akasema waliyoyajia wao yasimame kwanza, kwa kuwa hili limeingia, na likiingia linatangulia. Polycarp akafungua mdomo. Mjomba akamwambia aketi.

Wakaongea Kichaga kitambo. Nilidhani wanajadili miti. Mjomba alikuwa anamsihi Mzee Tarsis kwa nguvu, anaonyesha kilele, anaonyesha mimi, anapiga fimbo chini, na wazee wenzake wote wanaitikia. Ujumbe mzima wa Polycarp unanipigia debe! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa msanii. Hilo nalo liliwagusa, wakagunaguna.

Mzee Tarsis akaja mlimani. Machozi yanamtoka. Mimi nikajua ni Kibosho anaiona. Akanyoosha mkono, akaling'oa lile jani lenye fundo. Nilikaribia kupiga kelele, limeacha tundu kwenye theluji! Akalishika kifuani, akanishika mkono kwa mkono wa pili, akasema, "Yamekwisha, mwanangu." Nikamjibu, "Ahsante, Mzee, ilikuwa kazi ya wiki mbili." Akacheka huku analia. Akasema angalau naijua thamani yake.

Kisha mjomba akachota mbege kwa kata kutoka kwenye mtungi wao wenyewe. Mzee akanywa, akanipa nikanywa palepale alipoweka mdomo. Mbege ya Polycarp! Tamu!

Mwisho Mzee akasema aliapa mbele ya watu, na neno lake ni moja, kwa hiyo leo yuko tayari kunisikiliza. Akamuuliza Severa hadharani ni yupi. Severa akainua macho, akasema, "Kinyozi, baba mkubwa." Kwa sauti ile ya kwake ya kawaida, kama mtu anayeagiza unga dukani. Nilikaa chini. Sikumbuki niliketi juu ya nini. Wanasema ni juu ya afisa ugavi.

Jumapili, 22 Juni

Nimetukanwa vibaya!

Baada ya misa Polycarp alinijia, akanipa mkono. Akasema kashindwa, kashindwa kihalali, na hata mjomba wake kamwambia anyamaze. Akasema ameona watu wengi wakiomba msamaha, ila hajaona mtu aliyejishusha kama mimi. Nikauliza msamaha gani. Akadhani natania. Kisha akaona sitanii, na uso wake ukaanza kung'aa taratibu.

Kumbe isale! Kwao mtu aliyekosea huchukua jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Hasemi kitu. Akilileta, umesamehe, hata kama kakuchomea nyumba. Kulikataa ni mkosi juu yako na wanao, na aliye karibu ana wajibu wa kukusihi ulipokee. Watu hulipeleka mkononi kwa siri, wakiona haya. Mimi nimelisimika juu ya Kilimanjaro nikalipitisha Kariakoo nzima kwa mkokoteni!

Nimeomba radhi! Mimi! Kwa mzaha!

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Mzee Tarsis kuna makosa, kwamba mimi sijaomba kitu, mlima ulikuwa zawadi na fundo lilikuwa pambo. Severa kanikuta mlangoni. Kanivuta uchochoroni kwa ukosi wa shati. Kasema wiki tisa kaniomba niseme neno moja nikashindwa, basi kalisema yeye kwa niaba yangu, na nikifungua mdomo kumwambia baba yake mkubwa vinginevyo, ataolewa na mjomba mwenye kofia ya pama. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Nikaufunga mdomo.

Nimefikiri njia nzima hadi nyumbani, na nimeridhika. Nani aliyeomba radhi? Mlima. Mimi sikutamka neno. Mdomo wangu ni safi na babu yangu amelala salama. Tena jani lile Severa aliliweka chini. Aliyelipandisha kileleni, likaonekana na wazee wote kwa mpigo, ni mimi. Namwachia aamini wazo lilikuwa lake. Ndoa ni kuvumiliana.

Jumanne, 24 Juni

Mambo yamenyooka kila upande!

Mzee Tarsis kauweka mlima juu ya kaunta ya duka. Watu wa Moshi wanakuja kuutazama, wanasimama, wanaguna, wananunua na chumvi. Madereva wa malori hawaulizwi tena kitu. Jana mzee mmoja wa Marangu kaniagiza Mawenzi. Mwingine anataka kihamba cha baba yake, na ng'ombe ndani. Mke wa Balozi kaletewa na Mzee Tarsis sinia jipya, ila anasema la zamani lilikuwa na mlio mzuri zaidi. Mahari tunaizungumza Agosti. Mzee ameniita mkwe mbele ya wateja, na akanionya kwa upole kwamba sasa nimekuwa mtu wa nyumbani, nichunge ulimi.

Kuchunga ulimi? Wakati nimegundua hazina! Hebu fikiria. Dunia nzima watu wanagombana, wanajikaba koo kutafuta neno la kuomba radhi, na kumbe kuna mmea. Unatania unavyotaka, unapeleka jani, yamekwisha. Nimekwenda Ilala kwa yule mama, nimebeba vichipukizi vya kujaza makopo yote ya nyuma ya nyumba. Isale kwa wakwe. Isale kwa wateja. Bua moja nene nimelitenga kwa ajili ya Krismasi, kutakuwa na watu wengi.

Kesho jioni ni mkutano wa nyumba kumi. Nina mzaha mzuri ajabu kuhusu Balozi Fikirini, mkewe, na yale mashuka yanayoanikwa uani kila asubuhi. Nimeujaribu peke yangu mbele ya kioo, nimecheka hadi mkasi umenidondoka. Severa kausikia, kashika kichwa. Kasema Balozi ndiye mwenye nyumba yangu, na tena si Mchaga, ni Mzaramo, hilo jani halijui hata kwa jina.

Nimeshalifunga fundo. Jani ni jani.